Umri wa uongo mtandaoni humponza mtoto

Katika mtaa wa Mbotela, kando ya Barabara ya Jogoo, nyumba ni ndogo na majirani wanajuana. Mgeni akimsimamisha mtoto njiani, hakosi mama wa kumuuliza anatafuta nini. Lakini mgeni anayeingia kupitia simu ya rununu hapiti njiani, na jirani hamwoni. Huyo ni wa mzazi mwenyewe.

Hatari huanza siku mtoto anapojiandikisha. Facebook, Instagram na TikTok haziwakubali walio chini ya miaka 13. Mtoto wa darasa la tano analijua hilo, kwa hivyo huandika mwaka wa kuzaliwa wa kubuni na kuendelea. Wazazi wengi huuona kuwa ujanja mdogo tu. Sivyo.

Tangu 2021, TikTok huzifanya akaunti za wenye miaka 13 hadi 15 kuwa za faragha, na asiyetimiza miaka 16 hawezi kutumiwa ujumbe wa faragha. Instagram nayo ilianzisha akaunti za vijana mwaka wa 2024. Aliyejiandika kuwa ana miaka 25 hukosa kinga hizo zote, kwani kampuni humhesabu kuwa mtu mzima. Mtoto anayetumia akaunti ya mama yake yumo katika hali iyo hiyo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, keti na mwanao mtazame pamoja mwaka alioandika. Kama hajafikisha miaka 13, akaunti ifungwe. Kama amefikisha, afungue nyingine yenye umri wake wa kweli.

Pili, mweleze kwamba sare na beji ya shule katika picha humwonyesha mtu asiyemjua mahali pa kumpata.

Tatu, mwambie mapema, kabla ya lolote kutokea, kwamba akikuletea jambo la aibu hatapigwa wala kunyang'anywa simu. Walaghai huomba picha ya utupu, kisha hutisha kuisambaza wasipotumiwa pesa au picha nyingine. Nguvu yao ni kujua kwamba mtoto anamwogopa mzazi kuliko anavyowaogopa wao.

Likitokea, msilipe na msifute chochote. Hifadhi ujumbe huo na jina la akaunti kama ushahidi, kisha mpige ripoti katika kituo cha polisi. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinamlinda mtoto. Unaweza pia kupiga 116, nambari ya Childline Kenya, bila malipo.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto asiyeogopa kusema hataachwa apambane na tisho hilo peke yake.