Bia nyeusi yenye viungo vya chai: onja hivi

Wengi wanatoa stauti kwenye frigo, wanaimeza ikiwa baridi kabisa, kisha wanasema: "Iko chungu tu." Hapana! Baridi kali inaficha harufu. Iache mezani ifike karibu digrii 10. Nusa kwanza, ndipo unywe, kidogo kidogo.

Weusi na ladha ile ya kahawa vinatoka kwa shayiri iliyokaangwa sana. Iliki na mdalasini utavisikia puani; tangawizi inachoma koo; karafuu inatia ulimi ganzi. Mtengenezaji akizidisha karafuu, shayiri inapotea, na kuitoa tena haiwezekani. Basi jiulize: nimesikia bia, ao viungo tu? Kama ni viungo tu, afazali chai.