Katapila la marehemu: urithi au chuma chakavu?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayetufuata katika safu hii, mwangaluka. Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wasukuma, nami nimeianza nayo kwa sababu mazungumzo ya leo yanatoka Tinde, mkoani Shinyanga, pale ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika, moja ikaenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine ikashika njia ya Isaka na Kahama. Msafiri wa basi huijua Tinde kwa malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Lakini hatua chache kutoka barabarani, nyuma ya nyumba ya familia moja, chini ya mwarobaini, limelala katapila ambalo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma gazeti hili.

Baba mwenye mji alikuwa dereva wa mitambo. Alilinunua katapila hilo mnadani, likiwa limeshahesabiwa kuwa chakavu, akalifufua, akachimba nalo malambo na kufungua barabara za vijiji kwa miaka mingi. Alipofariki aliacha watoto sita, ng'ombe, nyumba na mtambo huo. Ng'ombe waligawanyika bila shida. Katapila halikatiki vipande sita, ila kwa njia moja tu, nayo ni tochi ya gesi ya mnunuzi wa chuma chakavu. Mnunuzi huyo amekwisha kuja mara mbili, ameliangalia, akakadiria uzito wake wa zaidi ya tani 10, na kutaja bei kwa kilo.

Watatu wanasema liuzwe. Watatu wanasema libaki. Nikaombwa nieleze redioni: mtambo wa namna hii unaendeshwaje, unatunzwaje, na je, una maana yoyote kuutunza leo? Nilikwenda, nikaona, nikauliza mafundi, na leo nasema niliyojifunza.

Kwanza tujiulize, makatapila yalifikaje huku? Ardhi ya Shinyanga ni kavu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha miezi mingine ni vumbi. Mfugaji hawezi kuishi bila lambo. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilileta mitambo ya kuchimba malambo Usukumani. Jirani yetu Mwadui, ambako Mkanada John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940, kazi yote ilikuwa ya kuhamisha udongo. Na kule Urambo, Kongwa na Nachingwea kulikuwa na ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni.

Mpango ule una funzo kwa familia yetu ya Tinde. Waingereza walinunua matrekta ya cheni yaliyotumika vitani, mengi yakiwa yamechoka, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Spea hazikutosha, mafundi hawakutosha, madereva walifundishwa kwa haraka, na udongo wa Kongwa ulikula vyuma. Mitambo mingi ikasimama porini mapema kabisa. Serikali nzima ilishindwa kwa sababu ilidhani kuwa na mtambo ni sawa na kuweza kuutunza. Sembuse mimi na wewe.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Hili la Tinde ni Caterpillar aina ya D7. Ukitaka kujua umri wake usiangalie rangi, tafuta namba iliyogongwa kwenye injini. Namba zinazoanza na 3T ni za kati ya mwaka 1944 na 1955. Zile za 17A zilifuata. Dada wa familia hii, ambaye ni mwalimu, ameiandika namba yao katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Amefanya vizuri. Anayekwenda kutafuta spea ya D7 bila namba ni sawa na anayekwenda kununua kiatu cha mtu asiyemjua.

Kuliwasha ni kazi ya subira. Halina stata ya umeme inayozungusha injini kubwa. Lina injini ndogo ya petroli, ya silinda mbili, ambayo madereva huiita mtoto. Mtoto huwashwa kwa hendo. Hapo pana onyo la kwanza: unaposhika hendo, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe. Injini ikirudisha nyuma, hendo hukupokonywa tu mkononi. Ukiwa umeikumbatia kwa gumba, itavunjika gumba au kiwiko.

Mtoto akishaamka, unamuunganisha na injini kubwa ikiwa imefunguliwa pumzi, yaani mkono wa kuachia mgandamizo uko wazi, ili izunguke kwa urahisi. Huachi hapo. Unangoja mpaka geji ya oili ipande na injini ipate joto, maana zote mbili hutumia maji ya rejeta moja, na moshi wa mtoto hupitishwa pale ambapo injini kubwa huvutia hewa, ili hewa hiyo ipate moto. Ndipo unarudisha mgandamizo, unafungua dizeli, na mzee anaitika. Kisha unafunga koki ya petroli na kumwacha mtoto azimike mwenyewe. Ukisahau koki hiyo, petroli huvuja polepole ikaingia kwenye oili ya injini ndogo, na siku nyingine utawasha moto badala ya mtambo.

Kuendesha nako kuna siri yake. Katapila halina usukani. Kuna mikono miwili, kulia na kushoto, na breki mbili za miguu. Ukivuta mkono wa kulia, unaachisha klachi ya upande wa kulia, cheni ya kulia inapoteza nguvu, ya kushoto inaendelea kusukuma, na mtambo unakwenda kulia. Hilo mtoto wa shule analielewa.

Lakini ukiwa unateremka mlima, na uzito ndio unaousukuma mtambo, mambo hugeuka. Injini sasa inazuia badala ya kuvuta. Ukivuta mkono wa kulia, cheni ya kulia inaachiwa huru, inakimbia mbele kwa uzito, na mtambo unapinda kushoto. Kinyume kabisa cha ulichotaka! Dereva aliyefundishwa hutumia mkono wa upande wa pili, au hufunga breki ya upande anaotaka kwenda mara tu anapovuta mkono wake.

Hayo hayakuwa nadharia kwa familia hii. Baada ya msiba, kitinda mimba, kijana mwenye moyo wa baba yake, alipanda juu ya katapila kusawazisha tuta la lambo. Akiteremka, akataka kukwepa maji, akavuta mkono wa upande wa nchi kavu. Mtambo ukageukia majini. Aliruka. Katapila likasimama cheni moja ikiwa imezama kwenye tope, halikupinduka, na kijana akatoka na michubuko tu. Lingepinduka, tusingekuwa na mazungumzo haya, kwani mitambo ya zamani haina kibanda cha chuma cha kumkinga dereva. Mama yake hajakanyaga tena lambo lile. Nilipomwamkia shikamoo na kumwuliza maoni yake juu ya katapila, aliniambia, "Baba yao alijua kuliendesha. Kujua huko hakukuandikwa kwenye urithi."

Tuseme basi juu ya matunzo. Adui wa kwanza ni vumbi. Injini hupumua kupitia chujio lenye kikombe cha oili, na kiangazi cha Shinyanga kikombe hicho huwa uji kwa siku moja. Kitazamwe kila siku ya kazi, kimwagwe, kioshwe, kijazwe upya. Oili ya kikombe ni bei ndogo. Pistoni na silinda si bei ndogo.

Adui wa pili ni maji ndani ya dizeli. Tangi lijazwe jioni, si asubuhi, kwa sababu tangi tupu hutoa jasho ndani usiku. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua koki ya chini, uchafu na maji yatoke kwanza.

Adui wa tatu, na ndiye mkubwa, yuko chini: cheni, rola, magurudumu ya mbele na yale ya meno ya nyuma. Mafundi wa mitambo watakuambia kwamba karibu nusu ya gharama za matengenezo ya katapila huishia hapo. Udongo wa mbuga, ule mweusi, hunata kwenye rola na ukikauka usiku huwa kama zege. Asubuhi rola haizunguki, inaburuzwa, inalika upande mmoja. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya siku si kuzima injini, ni kushika koleo na kukwangua tope. Rola za zamani zinataka grisi ya bomba mara kwa mara.

Cheni isikazwe kama kamba ya ngoma. Ikikazwa mno hujila yenyewe. Ikilegea mno hutoka njiani. Kwa juu, kati ya gurudumu la mbele na rola ya kubebea, ilegee kiasi cha inchi moja na nusu hivi, nawe fuata kitabu cha mtambo wako. Usipende kurudi nyuma kwa kasi, maana kurudi nyuma hula pini na bushi kuliko kwenda mbele. Na pini zikilika upande mmoja, si lazima kununua mpya: zinaweza kung'olewa kwa presi na kugeuzwa upande wa pili mara moja. Hata kisu cha chini cha sahani ya kusukumia udongo hufunguliwa boliti kikageuzwa.

Adui wa nne ni kusimama. Klachi za pembeni za mitambo hii ni kavu, na masika unyevu huzishikanisha kwa kutu. Mtambo uliolala miaka miwili utawaka, utakwenda mbele, lakini hautageuka. Heri kuutembeza kidogo kila mwezi kuliko kuufunika turubai na kuusahau.

Sasa hesabu. Katapila la ukubwa huu likifanya kazi nzito hunywa lita 20 za dizeli kwa saa, pengine zaidi. Kazi ya saa 8 ni lita 160, kwa hiyo pipa la lita 200 halimalizi siku mbili. Ongeza oili, grisi, mshahara wa dereva na wa tanboi. Ongeza lobedi ya kulihamisha, kwa maana halitembei barabarani. Meno ya cheni yanachana lami, na barabara kuu ni mali ya umma iliyo chini ya TANROADS. Na kwa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, kujenga lambo kunaweza kuhitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Anayepiga bei kwa kuangalia dizeli peke yake anakula mtaji bila kujua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, kazi ipo? Ipo. Maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba mwaka 2009, na tunashukuru, lakini kundi la ng'ombe halinyweshwi kwa bomba la nyumbani. Malambo ya zamani yamejaa mchanga na yanataka kufukuliwa. Ila nitoe tahadhari: mkoa huu ulipoteza miti mingi kwa kufyekwa, na kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI ulihangaika kuirudisha kwa kufufua ngitili za wananchi. Katapila lililofukua lambo asubuhi linaweza kumaliza ngitili jioni. Mwenye mtambo awe na macho.

Maoni yangu niliyatoa mbele ya familia, nami nayarudia hapa. Kwanza, aitwe fundi asiye na masilahi apime cheni na rola. Zikiwa zimekwisha kabisa, wauze bila kuona haya. Marehemu hakununua sanamu. Zikiwa na uhai, wasikimbilie kilo, kwa kuwa fedha ya chuma chakavu ikigawanywa kwa sita haitafika masika. Pili, waandikiane: nani msimamizi, nani mweka daftari, fungu gani la mapato ni la matengenezo kabla ya mtu yeyote kupokea chochote. Tatu, asipande mtu ambaye hajafundishwa na dereva mzoefu, hata kama ni mtoto wa marehemu. Hasa kama ni mtoto wa marehemu.

Kaka mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akakubali fundi aletwe. Mnunuzi ameombwa angoje. Kitinda mimba amepatiwa mzee mmoja, mstaafu wa mitambo, ambaye amekubali kumfundisha kwa sharti moja: mwezi wa kwanza hatagusa mikono ya kuendeshea, atashika bomba la grisi na koleo la tope.

Kijana alicheka. Mama yake hakucheka, lakini aliniambia nikipita tena Tinde nisipite bila kubisha hodi.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.