Mali, Uwakili na Kanuni Tatu za John Wesley

Katika mafundisho ya Kikristo, uwakili ni imani kwamba mwenye mali yote ni Mungu, na kwamba binadamu, awe tajiri au fukara, amekabidhiwa sehemu yake kwa muda tu na atatakiwa kuitolea hesabu. Karibu madhehebu yote huikubali imani hiyo, lakini makanisani uwakili husikika zaidi wakati wa kuhimiza ahadi na fungu la kumi, kana kwamba Mungu hudai asilimia 10 na kumwachia mwumini asilimia 90 azitumie apendavyo. Miongoni mwa waliopinga dhana hiyo kwa ukali ni John Wesley (1703–1791), kasisi wa Kanisa la Uingereza na mwanzilishi wa vuguvugu la Wamethodisti, ambao wamisionari wao walianza kazi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Hubiri lake kuhusu matumizi ya fedha, lililochapishwa mwaka 1760, limejengwa juu ya mfano wa wakili dhalimu katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, na linatoa kanuni tatu: mtu achume kadiri awezavyo, aweke akiba kadiri awezavyo, na atoe kadiri awezavyo. Anayezisoma juu juu huenda akadhani kwamba Wesley alibariki kila njia ya kutajirika, ilhali ni kanuni hiyo ya kwanza aliyoiwekea mipaka mingi: mtu asichume kwa kuharibu afya yake, wala kwa kazi inayomlazimu kusema uongo au kudanganya, wala kwa kumuumiza jirani. Aliwalaumu wauzaji wa pombe kali, wakopeshaji waliomeza mali za watu kwa riba, na waganga waliorefusha ugonjwa ili wazidi kulipwa. Mwaka 1774 alichapisha kijitabu dhidi ya biashara ya watumwa, akiwahesabu wafanyabiashara, manahodha na wenye mashamba kuwa washiriki wa dhambi moja. Kwake, basi, uwakili huanza pale fedha inapopatikana, muda mrefu kabla ya kapu la sadaka kupitishwa.

Akiba aliyoizungumzia haikuwa kulimbikiza. Maana yake ilikuwa kubana matumizi, kuacha anasa za mezani, mavazi ya kifahari na mapambo ya nyumba, ili kinachosalia kiwafae wengine. Fedha iliyofungiwa sandukuni au katika Benki ya Uingereza bila kutumika aliiona sawa na iliyotupwa baharini. Alipokuwa Oxford aliishi kwa pauni 28 kwa mwaka wakati kipato chake kilipokuwa pauni 30, na kilipofika 120 aliendelea kuishi kwa zile zile 28, akitoa zilizobaki. Mwaka 1746 alianzisha jijini London mfuko wa mikopo midogo kwa maskini, ambao wangelipa ndani ya miezi mitatu, pamoja na zahanati ya kuwagawia dawa.

Utaratibu wake wa kutoa unastahili kuzingatiwa zaidi ya yote. Mtu hujitosheleza kwanza kwa mahitaji ya lazima, kisha mke, watoto na watumishi wa nyumba yake, kisha waumini wenzake, kisha watu wote. Kwa mpangilio huo, mjane anayeshawishiwa kutoa karo ya watoto wake kama mbegu itakayomrudishia utajiri hafundishwi uwakili hata kidogo. Ananyang'anywa alichokabidhiwa kwa ajili ya wanawe, na huo ni ukatili hata unapofanywa kwa maombi.

Kanuni ya kwanza humhusu anayepokea pia. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa michango ambayo Rais William Ruto na wanasiasa wengine waliitoa kwa parokia moja ya Soweto jijini humo, likitaja maadili na hatari ya Kanisa kutumiwa kisiasa. Katika nchi ambako harambee za kanisani zimewapa wanasiasa jukwaa kwa miaka mingi, uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, na kanisa linalotaka kuufuata litalazimika kukubali kwamba paa litachelewa.

Ugumu wenyewe Wesley aliuona mapema. Aliandika mwaka 1786 kwamba dini huzaa bidii na matumizi ya kiasi, bidii na kiasi huzaa utajiri, na utajiri hudhoofisha dini iliyouzaa. Dawa pekee aliyoijua ilikuwa kanuni ya tatu. Mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka 86, alikiri kwamba wengi waliishika kanuni ya kwanza na wachache ya pili, akatilia shaka kama miongoni mwa Wamethodisti 50,000 wangepatikana hata 500 walioishika ya tatu.