Gari Bovu na Hukumu za Haraka

Anunuaye gari kuukuu hununua pia siri za waliolimiliki kabla yake. Langu lina umri wa miaka kumi na tisa, na mwaka huu limenifunza jambo ambalo shahada zangu za isimu hazikunifunza.

Asubuhi moja, wanafunzi wakinisubiri niwasimamie mtihani, nilizungusha ufunguo. Nilisikia mlio mmoja mkavu, taa zikafifia, kisha kimya. Nilifika chuoni kwa matatu, nimechelewa na nimejaa fedheha.

Fundi wa kwanza alitoa hukumu papo hapo: "Betri imekufa." Nikanunua mpya. Baada ya majuma mawili, mambo yakawa yale yale. Akasema ni oltaneta, yaani chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Nikainunua pia. Gari likagoma tena.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa jua kali karibu na Barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi. Yeye hakuhukumu; aliuliza. Lagoma likiwa baridi au moto? Wasikia mlio gani? Kisha akatoa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.6: nzima. Tulipolisukuma likawaka, mita ilipanda hadi volti 14: oltaneta nayo haikuwa na kosa. Mwishowe aliweka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye injini yenyewe, akaniambia nipige stata. Mahali panapofaa kusoma chini ya nusu volti, palisoma zaidi ya 3.

"Mwalimu," akasema, "umeme ukienda sharti urudi. Hapa njia ya kurudi imeziba."

Waya unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu. Kumbe kila tulipobadilisha kifaa, waya ule ulitikisika ukashika kwa muda, nasi tukadhani tumeponya! Aliusugua, akakaza nati, gari likanguruma.

Nilipomweleza kwamba kila juma huongeza maji kwenye rejeta, alitikisa kichwa. Maji hayapotei bure, alisema. Tafuta yanakopitia kabla injini haijachemka, hedi ikapinda na gasketi ikaungua. Tulingoja injini ipoe, kwani kufungua kizibo cha rejeta yenye moto ni kujitakia majeraha, kisha tukaona mpira uliopasuka. Ulikuwa kitu kidogo tu.

Walimu wenzangu, maneno "imekufa" na "bovu" hayaelezi hitilafu. Ni hukumu iliyovaa joho la maelezo. Nasi huyatumia kila muhula: "Mwanafunzi huyu ni mbovu." Nilimwandikia hivyo kijana mmoja miaka kadhaa iliyopita, nikapendekeza arudie mwaka. Baadaye nilifahamu kwamba hakuwa akiona ubaoni, naye alikuwa ameona haya kusema. Nilibadilisha betri, kumbe kasoro ilikuwa kwenye waya.

Nanyi wanafunzi, msiseme "hesabu zinanishinda" mkaishia hapo. Semeni zinawashinda wapi, kwenye hatua ipi, tangu lini. Fundi hawezi kuponya asichoelezwa.

Betri yangu ya zamani ingali nyumbani, nzima kabisa. Sijaitupa. Naiweka chini ya meza ninaposahihishia mitihani, miguu yangu iigonge kila kalamu nyekundu inapotaka kufanya haraka.