Banda la sungura: kipimo cha mfugaji wa nyama hakimfai sungura wa nyumbani

Mwendee fundi wa Kamukunji jijini Nairobi au wa Keko jijini Dar es Salaam, umwambie unataka banda la sungura wawili wa watoto. Mara nyingi atakutengenezea kile kile anachomtengenezea mfugaji wa nyama: kizimba cha wavu wa chuma kilichoinuliwa kwa miguu, chenye upana wa sentimita 60, urefu wa 90 na kimo cha 45, au karibu na hapo. Fundi hana hila. Wateja wake wakubwa ni wafugaji, na kwao kipimo hicho kina maana. Kinyesi na mkojo hupita kwenye wavu, sakafu hubaki kavu, mkojo hukingwa na kutumiwa shambani kama mbolea, na mnyama anayenenepeshwa huchinjwa akiwa na miezi mitatu au minne.

Sungura wa nyumbani akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Akikaa muda wote huo juu ya waya, nyayo zake huota vidonda, kwa kuwa hana nyama laini chini ya mguu kama paka. Ana manyoya tu. Dari ya sentimita 45 haimruhusu kusimama wima kwa miguu ya nyuma, jambo analolifanya mara nyingi anaposikia kishindo. Kwa mnyama huyu kizimba cha mfugaji ni kifungo, na nadhani wauzaji wanapaswa kumwambia mteja hivyo kabla ya kupokea pesa yake.

Nchini Uingereza, shirika la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, kwa sungura wawili, nalo liwe wazi kwao usiku na mchana. Mteja wetu akisikia kipimo hicho hushtuka, akidhani gharama itapanda kadiri nafasi inavyopanda. Tupige hesabu. Kizimba cha mfugaji kina sakafu ya mita za mraba 0.54 na hula karibu mita za mraba 2.4 za wavu, ukihesabu pande zote, juu na chini. Uwanja wa mita 3 kwa 2 una sakafu ya mita za mraba 6, yaani mara 11, lakini pande zake na paa vinataka mita za mraba 16, ambazo hazifiki hata mara 7. Ukiujenga kwenye kona ya ua, kuta mbili zilizopo zinakupunguzia mita za mraba 5, na mahitaji yanashuka hadi 11. Chini huhitaji wavu wa kukanyagwa. Weka matofali ya kupangia njia, kwa sababu sungura huchimba, kisha mwaga nyasi kavu juu yake.

Pesa inayookolewa hapo iende kwenye ubora wa wavu. Wavu mwembamba wa kuku ndio rahisi zaidi madukani, na ndio unaoponza: mbwa huupasua, na sungura mwenyewe huweza kuutafuna. Chukua wavu wa kuchomelea uliopakwa zinki, wenye matundu madogo kiasi cha kuzuia panya. Uchunguze kwenye maungio, maana mkojo wa sungura huanzia hapo kula chuma.

Mbao zina tatizo lao. Paini za Mafinga zinazouzwa Dar es Salaam kwa ajili ya kupaulia aghalabu zimetiwa dawa ya mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Meno ya sungura hayaachi kukua, hivyo atatafuna kila ubao anaoufikia. Agiza mbao zisizotiwa dawa kwa sehemu za ndani, hata kama utalazimika kuzibadilisha mapema.

Pwani, joto ndilo hatari kubwa kuliko yote. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Hupoza mwili kwa masikio na kwa kupumua haraka, na joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Paa la bati tupu chini ya jua la Februari laweza kumuua. Makuti yanamfaa zaidi, au bati lenye makuti juu yake, chini ya mti. Bara, penye siafu, kijumba cha kulala kiinuliwe na kila mguu usimamishwe ndani ya kopo la oili chafu, likiwekwa mahali ambapo sungura hawawezi kuifikia oili hiyo.

Vizimba vya plastiki na vya waya wa kukunja vinavyoagizwa kutoka China vinavutia kwa rangi na bei. Vingi ni vidogo. Vitumike kwa kumpeleka mnyama kwa daktari.

Pengo ninaloliona sokoni ni la wapangaji, ambao ni wengi katika miji yetu na hawawezi kujenga kwenye ua wa mwenye nyumba. Hawa wanahitaji uwanja wa fremu za mita moja kwa moja, zinazofungwa kwa boliti, zinazofunguka na kuingia kwenye kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, siku ya kuhama. Uwanja kamili wa mita 3 kwa 2 ni fremu 16: kumi za ubavuni na sita za juu. Fundi anaweza kuziuza kidogo kidogo, mteja akazikusanya na kuleta sungura wawili uwanja ukishakamilika, na fremu iliyoharibika ikabadilishwa peke yake bila kubomoa nyingine.