Butembo: Kutengeneza gari ya zamani ao kununua ingine? Hesabu ambayo wenye taksi wengi wanaifanya wakiwa wamechelewa

Katika garaji za Butembo na Beni, swali ni lile lile kila juma. Fundi amefungua moteri, amesafisha mikono na kitambaa, na ametaja bei. Mwenye gari anabaki kimya. Je, atoe pesa hizo kwa gari ambayo imekwisha kumlalisha njiani mara tatu mwaka huu, ao aiuze namna ilivyo na kutafuta ingine?

Kwa jamaa nyingi za Nord-Kivu, gari si kitu cha kujionyesha. Probox ao Noah moja inaweza kulisha nyumba ya mwenye gari na nyumba ya dereva, na kulipa minervali ya watoto wa nyumba zote mbili. Ikisimama, versema, yaani pesa ambayo dereva analeta kila jioni, inasimama pia. Ndiyo maana uamuzi huu unastahili zaidi ya hasira ya siku moja kwenye garaji.

Gari ambayo mtu mwingine alikataa kutengeneza

Karibu magari yote madogo yanayotembea hapa yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumiwa. Yanashuka kwenye bandari ya Mombasa, yanapita Kampala, yanavuka mpaka Mpondwe na kuingia Kasindi. Tangu barabara ya Goma ilikatwa na vita, na zaidi baada ya Kanyabayonga kuanguka mwezi wa 6 mwaka 2024, njia ya Kasindi imekuwa mlango mkubwa wa biashara ya Butembo na Beni.

Wachache wanajua sababu gani Wajapani wanauza magari ambayo bado yanatembea vizuri. Kule, gari mpya inapimwa na serikali kisha miaka 3, halafu kila miaka 2. Kipimo hicho, pamoja na kodi na asiransi, kinakula pesa mingi, na gari ikizeeka mambo ya kutengeneza yanaongezeka. Basi mwenye gari anafanya hesabu: kulipa tena, ao kuuza. Gari inayofika Kasindi mara nyingi ni ile ambayo mtu wa Japani aliona kwamba haimfai tena kuitengeneza. Hiyo haimaanishi ni mbaya. Inamaanisha kwamba anayeacha gari yake ya zamani ili kununua "mpya" ya okazyo, anaacha matatizo anayoyajua na kuchukua ambayo hajayajua.

Kanuni inayodanganya

Watu wengi wanafuata kanuni moja: bei ya kutengeneza ikipita nusu ya bei ya gari, uza. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini inalinganisha vitu viwili visivyofaa kulinganishwa. Bei ya gari sokoni inaonyesha kile ambacho mnunuzi atatoa. Haionyeshi kile ambacho gari itamletea mwenyewe katika miezi inayokuja, wala gharama ya ile ingine atakayoinunua.

Swali la kweli ni hili: kila mwezi wa kutembea utanigharimu pesa ngapi, nikitengeneza hii ao nikinunua ingine?

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme taksi imeharibika. Namna ilivyo, inauzwa dola 1.800. Fundi anaomba dola 900 ili airudishe barabarani, na inaweza kutembea miezi 18, kisha bado iuzwe dola 1.800. Dola 900 zikigawanywa kwa miezi 18, ni dola 50 kila mwezi. Ongeza matengenezo madogo ya gari ya zamani, dola 80. Ongeza pia siku ambazo inalala garaji: siku 4 kwa mwezi, kwa versema ya dola 15, ni dola 60. Jumla ni dola 190 kila mwezi.

Sasa gari ingine ya okazyo, ambayo pamoja na duane na karatasi zote inafika dola 7.500. Kisha miaka 5 itauzwa dola 2.700. Imepoteza dola 4.800 katika miezi 60, ni dola 80 kila mwezi. Matengenezo, dola 40. Siku moja tu ya kulala garaji, dola 15. Jumla ni dola 135.

Kwa hesabu hii, kununua kunashinda kwa dola 55 kila mwezi. Lakini mambo mawili yanaweza kugeuza jibu.

La kwanza ni mkopo. Mwenye gari akiuza ya zamani kwa dola 1.800, anabaki na deni la dola 5.700. Kama koperativi inamwomba faida ya 3% kwa mwezi, mwezi wa kwanza peke yake atalipa dola 171 za faida, mbali na deni lenyewe. Faida itapungua polepole deni likilipwa, lakini katika miezi ya kwanza gari "mpya" itamgharimu dola 306 kwa mwezi. Hapo ile ya zamani inashinda mbali sana. Mwenye pesa za likelemba ao za akiba mkononi, na mwenye kukopa, hawafanyi uamuzi mmoja hata kama magari yao yanafanana kama mapacha.

La pili ni siku za kulala garaji. Kama matengenezo yanafanywa vizuri na gari ya zamani inalala siku moja tu badala ya siku 4, gharama yake inashuka kutoka dola 190 hadi dola 145. Tofauti na ile ingine inabaki dola 10 tu. Kwa hiyo kinachokula mwenye taksi si bei ya piesi peke yake. Ni kutengeneza nusu nusu: leo rotile moja, juma lijalo ingine, kisha siku tatu za kungojea piesi kutoka Kampala.

Kinachoponyeka na kinachoua gari

Mafundi wazoefu wanatofautisha magonjwa ya gari katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni vitu vinavyokwisha kwa kawaida: amortiseri, rotile, silemblok, plakete za freni, ambreyaji, batri, radiateri, mipira. Kwa barabara zetu vinakwisha upesi. Vikibadilishwa, sehemu hiyo ya gari inarudia hali yake. Mtu asiuze gari nzuri kwa sababu inagonga chini.

Moteri inaomba kufikiri zaidi, na moshi unasema mengi. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba moteri inakula mafuta yake. Moshi mweusi, kwamba esansi ao mazutu inaingia mingi kuliko hewa. Mara nyingine ni filtre ya hewa tu iliyojaa vumbi. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata joto, pamoja na maji yanayopungua kwenye radiateri, unaonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya moteri. Kama chini ya kifuniko cha mafuta kunaonekana kitu kama maziwa yaliyoganda, maji na mafuta yamechanganyika. Gari hiyo isiendelee kutembea hata kilometa moja: kila safari inaongeza bei.

Mbele ya kukubali bei ya kufungua moteri, inafaa kuomba fundi apime kompresyo ya kila silinda. Ni kazi fupi. Kama silinda moja tu iko chini, tatizo linaweza kuwa mahali pamoja. Kama zote ziko chini, moteri imechoka, na kubadilisha piesi moja hakutaisaidia. Hapo wengi wanachagua njia ya katikati: kununua moteri nzima ya okazyo, mara nyingi kutoka Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana kwa piesi za magari. Njia hiyo ni nzuri ikiwa sehemu zingine za gari zingali imara, na ikiwa muuzaji anakubali moteri iwashwe na ipimwe mbele ya kulipa.

Aina ya moteri pia inahesabika. Corolla nyingi za zamani zina kuruwa ya distribisyo, ambayo kwa kawaida inabadilishwa kila kilometa 100.000. Moteri 1NZ ya Probox, Vitz na IST inatumia mnyororo, haina kuruwa hiyo. Lakini mnyororo unadumu ikiwa tu mafuta yanabadilishwa kwa wakati. Katika vumbi, kungojea zaidi ya kilometa 5.000 mbele ya kufanya vidanji ni kuua moteri polepole.

Kundi la pili ni chasi na mwili wa gari. Gari ambayo chasi imepinda kisha aksida, ao chuma chake kimeliwa na kutu mahali ambapo amortiseri zinashikilia, haiponi kwa kweli. Inaweza kuunganishwa kwa moto, kupakwa rangi na kung'aa. Lakini itaendelea kula mipira upande mmoja, kuvuta kando, na siku ya mgongano haitalinda watu walio ndani. Hapa hakuna hesabu ya dola kwa mwezi. Gari ya namna hiyo isibebe abiria.

Hatari ya kulala njiani

Kuna bei ambayo haiandikwi kwenye faktura. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu kilometa 80. Nord-Kivu na Ituri ziko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, na mashambulizi ya ADF yamegusa mara nyingi barabara za eneo la Beni. Katika hali hiyo, gari inayokufa saa kumi na moja za jioni kati ya vijiji viwili si tatizo la ufundi tu.

Kwa hiyo mwenye gari ajiulize kwanza gari inafanya kazi gani. Ile inayozunguka mjini, karibu na garaji na fundi wake, inaweza kuvumiliwa hata ikiwa na ukaidi kidogo. Ile inayobeba watu hadi Kasindi ao upande wa Ituri haina ruhusa ya kusimama. Wengine wanapata jibu hapo bila kuuza wala kununua: gari ya zamani inabadilishiwa kazi, inabaki mjini.

Kama uamuzi ni kununua

Mtego wa kwanza ni kilometraji. Kuirudisha nyuma ni kazi ndogo kwa wenye kuizoea. Pedali iliyochakaa, volani iliyong'aa kwa mikono na kiti kilichobonyea vinasema ukweli kuliko namba ya kwenye dashibodi. Kwa gari iliyonunuliwa kwenye mnada wa Japani, inafaa kuomba karatasi ya mnada: inaonyesha kilometa na hali ya gari, na alama R ao RA inamaanisha kwamba iliwahi kutengenezwa kisha aksida.

Wa pili ni volani. Kongo inatembea mkono wa kuume, lakini Japani, Kenya na Uganda zinatembea mkono wa kushoto, ndiyo maana magari mengi ya hapa yana volani kuume. Serikali ya Kinshasa imekwisha kukataza kuingiza magari hayo, hata kama bado yanaonekana kila siku. Anayenunua ajue kwamba kanuni ikikazwa, gari yake inaweza kupoteza bei. Na barabarani, dereva aliyekaa kuume haoni vizuri mbele anapotaka kupita lori.

Wa tatu ni bei isiyo kamili. Bei ya Mombasa ao Kampala si bei ya Butembo. Kuna usafirishaji, ushuru wa duane, TVA ya 16%, OCC, plaki, karte roze, vinyeti na asiransi. Namba ya chasi iliyo kwenye chuma ilingane na ile ya kwenye karatasi zote, la sivyo mnunuzi atakuwa amenunua kesi. Na aweke kando pesa kwa vidanji, filtre, freni na mipira ya miezi ya kwanza: karibu kila gari ya okazyo inaziomba.

Daftari la franga chache

Wenye gari wengi hawajui gari yao iliwagharimu pesa ngapi mwaka uliopita, kwa sababu kila tengenezo lililipwa kutoka mfukoni na kusahauliwa. Daftari moja linatosha: tarehe, kilometa, kazi iliyofanywa, bei, na siku ambazo gari ililala. Kisha miezi 6, hesabu inaonekana yenyewe. Kama gharama inapanda kila mwezi kwa sababu ya vitu tofauti tofauti, gari inaaga. Kama ilikuwa ni tatizo moja kubwa na sasa limekwisha, kuiuza ni kumpa mnunuzi faida ya matengenezo ambayo wewe ulilipa.

Daftari hilo lina faida ingine. Siku ya kuuza, mnunuzi anayeliona anaamini gari zaidi kuliko maneno ya komisyoneri, na ni vigumu kwake kuangusha bei. Na wakati mzuri wa kuuza ni gari ikiwa bado inatembea. Ile inayovutwa kwa kamba hadi sokoni, mnunuzi ndiye anayepanga bei yake.