Shali ya Kimia ya Bi Harriet Tubman

Nguo ninayotaka kuwaelezeni leo ni shali ya hariri na kitani, iliyofumwa kimia chembamba. Imo Washington, Marekani, katika jumba la makumbusho ya Wamarekani weusi lililofunguliwa mwaka 2016. Mimi nimeiona kwa picha tu, lakini nimeitazama sana, maana mwenyewe alikuwa mtumwa.

Harriet Tubman alizaliwa Maryland yapata mwaka 1822. Katika usichana wake alipigwa kichwani na jiwe la mizani alilorushiwa mtumwa mwingine, na tangu hapo alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla mpaka uzee wake. Mwaka 1849 alitoroka. Mwingine angemshukuru Mungu akatulia. Yeye alirudi kiasi cha mara 13, akawatoa watu wapatao 70, wazee wake wakiwamo. Juni 1863, wakati wa vita, aliongoza askari katika mto Combahee, wakaokolewa watumwa zaidi ya 700.

Shali hiyo alipelekewa na Malkia Victoria wa Uingereza, karibu na mwaka 1897. Msomaji wa Mwambao anaujua mwaka huo. Aprili 1897 Sultani Hamoud, kwa kushurutishwa na Waingereza hao hao, alitoa amri ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba. Huku kwetu ikangojewa hadi 1907. Na kwetu mjakazi alivaa kaniki, wala hakuruhusiwa kujifunika kama waungwana; alipopata uhuru akaiacha kaniki, akatafuta ukaya, baadaye buibui. Kwa hiyo wale wanaosema shali ni pambo tu, mimi sikubaliani nao. Ni sitara, na sitara ilikuwa na wenyewe.

Lakini heshima ya Malkia haikutia kitu chunguni. Serikali ya nchi yake, aliyoitumikia vitani, ilianza kumlipa mwaka 1895, dola 8 kwa mwezi, tena kwa kuwa alikuwa mjane wa askari! Mwaka 1899 zikafika 20. Na nyumba yake ya Auburn, New York, ilikuwa haikosi wazee na maskini wa kulishwa.

Alifariki tarehe 10 Machi 1913. Shali ilikaa kwa jamaa zake, hata ikamfikia Charles Blockson, mkusanyaji mashuhuri wa vitabu vya historia ya watu weusi. Mwaka 2010 aliitoa bure kwa makumbusho, pamoja na kitabu cha nyimbo za kanisani cha Bi Harriet, ambaye hakujua kusoma.